Karatasi mbili, namba moja: ni LDL yako iliyopanda au ni triglisaridi?

Nyumba yetu ya Langoni, mjini Lamu, na ya ami zinashirikiana ukuta, na chakula cha usiku hula kwetu tangu babangu afariki. Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, yeye na mamangu walikwenda kupimwa damu asubuhi moja, maabara moja. Walirudi na karatasi mbili, na mstari wa juu kwenye zote mbili ulisoma sawa: kolesteroli 6.4. Pale dirishani waliambiwa maneno yale yale wote wawili, kwamba lehemu, ndiyo hiyo kolesteroli, imepanda, wapunguze mafuta.

Nikazikunja nikazitia kwenye droo ya kabati. Hilo ninalijutia mpaka leo, maana mistari mitatu ya chini ilikuwa ikisema wazi kwamba hawa wawili hawana tatizo moja. Miezi mitatu iliyofuata kila mmoja alishika mwiko wa mwenzake. Mama aliacha sukari, ambayo haikuwa na kosa kwake. Ami aliacha nazi na mayai, akajaza pengo kwa mkate na chai. Kama una karatasi ya namna hiyo nyumbani, itoe uiweke mbele yako tuisome pamoja na hizi mbili.

| Mstari | Mama | Ami | Kinachotakiwa kwa kawaida |
|---|---|---|---|
| Kolesteroli yote | 6.4 | 6.4 | chini ya 5.2 |
| LDL | 4.4 | 3.6 | chini ya 3.0 |
| HDL | 1.5 | 0.9 | zaidi ya 1.0 kwa mwanamume, 1.3 kwa mwanamke |
| Triglisaridi | 1.1 | 4.2 | chini ya 1.7 |

Vipimo hivi ni vya milimoli kwa lita. Karatasi yako ikiwa na namba kubwa kama 240, hiyo ni miligramu kwa desilita: gawanya kolesteroli kwa 38.7, na triglisaridi kwa 88.6, utapata namba za kulinganisha na hizi. Na kile kiwango cha LDL, chini ya 3.0, si cha kila mtu. Mwenye ugonjwa wa sukari hutakiwa awe chini ya 2.6, na aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi chini ya 1.8, hata 1.4.

Mistari hiyo inasema nini

Lehemu si sumu. Sehemu kubwa hutengenezwa na ini lenyewe, na mwili huitumia kujengea kuta za chembe zake, homoni, nyongo na vitamini D. Shida yake ni kwamba haichanganyiki na damu, kama mafuta yasivyochanganyika na maji, kwa hiyo husafirishwa ndani ya vyombo vidogo. LDL ni mashua zinazotoka na shehena kuipeleka mwilini. Zikiwa nyingi kuliko bandari za kushusha, huzunguka muda mrefu kwenye damu, nyingine zikapenya ndani ya ukuta wa mshipa na kuacha mzigo humo. Miaka ikipita, ule mzigo huwa uvimbe. Uvimbe ukipasuka damu huganda juu yake, na hapo ndipo panapotokea mshtuko wa moyo au kiharusi. HDL huokota lehemu iliyozagaa na kuirudisha kwenye ini.

Triglisaridi ni kitu kingine kabisa. Haya ni mafuta ya akiba, kuni za mwili. Ukila zaidi ya unachotumia, hasa sukari na wanga uliokobolewa, ini hugeuza ziada kuwa triglisaridi na kuitoa kwenye damu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mafuta mengi ya damu wala hajagusa mafuta ya kula. Hili ndilo ambalo watu hawaliamini, nami sikuliamini mpaka nilipoliona kwa ami.

Tazama tena safu yake. Triglisaridi 4.2, HDL 0.9. Hizi mbili mara nyingi huenda pamoja, moja ikipanda nyingine hushuka, na zikikutana kwa mtu mwenye tumbo la mbele, jambo la kwanza la kuuliza ni sukari ya damu. Hakuna aliyeuliza.

Kuna hesabu moja ya nyongeza ambayo unaweza kuifanya mwenyewe, na inafaa sana pale triglisaridi zinapokuwa juu: toa HDL kwenye kolesteroli yote. Kinachobaki ni lehemu yote iliyo kwenye vyombo vyenye madhara, LDL pamoja na vile vinavyobeba triglisaridi. Kwa Mama ilibaki 4.9. Kwa ami 5.5. Yaani yule ambaye LDL yake ilionekana nafuu ndiye aliyekuwa na mzigo mkubwa zaidi.

Mwiko wa nani ni upi

Ami ni mtu wa kushika neno. Barazani walimwambia adui wa lehemu ni nazi, mayai na kamba, akaviacha vyote siku hiyo hiyo. Lakini mtu lazima ashibe. Asubuhi ikawa mkate wa mofa miwili na chai, saa nne chai tena na mahamri, jioni kahawa na halua pale ukutani pwani. Chai yake ina vijiko vinne vya sukari kwa kikombe. Vikombe vitano kwa siku ni vijiko ishirini, kiasi cha gramu 80 hadi 100 za sukari. Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima asizidi gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana zisizidi 25. Halafu Ramadhani ikaingia, na futari zetu mnazijua: tambi za sukari, kaimati, juisi ya embe, tende kwanza.

Mfungo Mosi tukarudia vipimo. Kolesteroli yote ya ami ilikuwa 6.6, HDL 0.8, triglisaridi 6.1. Mstari wa LDL uliachwa mtupu. Nilidhani wamesahau kuujaza. Sababu ni kwamba maabara nyingi hazipimi LDL yenyewe, huikokotoa kwa kanuni iliyotolewa mwaka 1972: kolesteroli yote, toa HDL, toa triglisaridi zilizogawanywa kwa 2.2. Triglisaridi zikipita 4.5 kanuni hiyo haiaminiki, ndiyo maana wakaacha pengo. Ukiona pengo kama hilo kwenye karatasi yako, lichukue kama onyo.

Safari hii daktari alimwagiza kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Ikatoka asilimia 8.1. Kuanzia 6.5 tayari ni ugonjwa wa sukari. Ami alikuwa nao bila kujua.

Mama naye, mwenye presha ya siku nyingi, aliacha sukari kwa sababu dadake ana kisukari na aliiogopa kuliko kitu chochote. Akanywa chai kavu miezi mitatu, wala hakulalamika. Ila Ijumaa samaki wa kupaka ulikuwa pale pale, wali wa nazi kila mchana, samli kwenye chapati. Triglisaridi zake zilitoka 1.1 zikawa 0.9, yaani kutoka nzuri kwenda nzuri. LDL ilitoka 4.4 ikawa 4.5.

Basi kama unataka kuamua uanze wapi, linganisha hivi. LDL ikiwa ndiyo iliyopanda na triglisaridi ziko sawa, kinachokuhusu zaidi ni aina ya mafuta unayopikia. Kupunguza sukari ni kuzuri kwa mambo mengine, lakini LDL yako haitaisikia sana. Triglisaridi zikiwa ndizo zilizopanda, kinachokuhusu ni sukari, juisi, unga mweupe, wingi wa wali, uzito wa mwili, na pombe kwa anayekunywa. Na hujibu haraka: wiki chache tu za kuacha vinywaji vitamu huonekana kwenye karatasi. Mtu mnene akipunguza uzito kwa asilimia 5 hadi 10, triglisaridi huweza kushuka kwa kiasi cha moja ya tano. LDL ni nzito kusogea kwa chakula peke yake. Mtu aliyebadili jiko lake sawasawa hupata asilimia 10 hadi 15.

Vyote viwili vikipanda pamoja, kama kwa ami, mimi ningeanza na sukari, kwa sababu ndiyo inayoleta hatari ya karibu na ndiyo inayoshuka upesi. Mafuta yafuate mwezi huo huo.

Tui, samli, mawese, alizeti, uto

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo jiko la pwani linapoguswa, na nimesikia maneno mengi yasiyo na ukweli.

La kwanza ni kwamba nazi haina lehemu. Ni kweli, mimea haina lehemu ya kuhesabika. Lakini LDL hupandishwa zaidi na mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda penye baridi, kuliko na lehemu iliyo kwenye chakula. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kugundua vile vipokezi vilivyo juu ya chembe, hasa za ini, vinavyoidaka LDL na kuitoa kwenye damu. Mafuta yaliyoshiba hupunguza vipokezi hivyo. Milango ikipungua, mashua hubaki nje.

La pili nililisikia kwa mama mmoja sokoni: mafuta ya nazi hayawezi kuziba mishipa kwa sababu hayagandi. Hapa Lamu hayagandi, kweli. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi za joto, na chumba chetu ni lini kilifika huko? Apeleke chupa ile ile Nairobi mwezi wa saba aone. Si kwamba huganda ndani ya mishipa, mwili una joto la nyuzi 37. Ila kule kuganda ni alama ya aina ya mafuta, na joto la kwetu linatuficha alama hiyo.

Nilitaka Mama aione kwa macho yake. Nikakuna nazi moja kwenye mbuzi, nikakamua tui la kasimile, lile zito la kwanza, nikalitia kwenye bakuli la kioo na kuliacha kwenye friji usiku kucha. Asubuhi juu palikuwa na utando mweupe unene wa kidole. Mama aliubonyeza kwa kijiko ukavunjika kama sabuni. Chini yake palibaki maji meupe mepesi, bado yana harufu ya nazi. Aliyaonja yale maji, akakaa kimya, kisha akaniuliza: "Mwanangu, na huu wali wetu unatiwa nazi mbili?"

Sasa ziweke kando kwa kando. Katika kila gramu 100 za mafuta ya nazi, gramu 80 na zaidi ni mafuta yaliyoshiba. Samli ni kama 60. Mafuta ya mawese ni karibu 50, na yale mawese ya maji yanayouzwa kwenye madumu na kupimwa dukani ni kama 40 na kitu. Mengi ya mafuta ya bei nafuu tunayoyaita ya mboga ni mawese, kwa hiyo geuza chupa usome nyuma. Ufuta ni kama 14 au 15. Mahindi 13. Alizeti 10 hadi 12. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya nazi kina gramu 11 za mafuta yaliyoshiba, na mtu anayekula kalori 2,000 anashauriwa asivuke kama gramu 22 kwa siku nzima.

Utafiti uliokusanya majaribio mengi na kuchapishwa mwaka 2020 ulilinganisha mafuta ya nazi na mafuta ya mimea kama alizeti na soya: ya nazi yalipandisha LDL kwa kiasi cha 0.27. Yalipandisha HDL pia kidogo, na hilo ndilo wauzaji wanalolishikilia. Lakini dawa zilizopandisha HDL peke yake zimejaribiwa na hazikupunguza mishtuko ya moyo kama ilivyotarajiwa, kwa hiyo mimi siwezi kununua LDL ili nipate HDL.

Samli na nazi, ipi afadhali? Kwa LDL zote mbili hupandisha. Tofauti ninayoiona jikoni ni kwamba nazi huja na tui jepesi, unaweza kupunguza mafuta yake na ladha ikabaki. Samli haina samli nyepesi. Kwa hiyo mimi niliiacha samli kabisa isipokuwa pilau ya sikukuu, na nazi nikaibakisha: tui la pili kwa wali na mbaazi za kila siku, kasimile kwa samaki wa kupaka mara moja kwa wiki, na ule utando wa juu nauengua. Mwambie Mwamu, mtu wa Lamu, aache nazi moja kwa moja, atakuitikia na kesho atakuna.

Mafuta ya kupikia tumehamia alizeti, na ya kunyunyizia juu ya mboga ni uto, mafuta ya ufuta. Hili la uto linanifurahisha moyoni. Wazee wetu walikamua ufuta kwa shinikizo la ngamia hapa hapa Lamu, na simsim, ndiyo ufuta huo, bado inalimwa upande wa bara wa kaunti yetu. Mafuta yaliyo bora kwa LDL hayakuwa mageni jikoni kwetu, tuliyaacha.

Yanayotakiwa kuepukwa na wote, Mama na ami na wewe, ni mafuta ya mgando yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni, na yale ya kwenye karai yaliyokaanga viazi na bajia tangu juzi mpaka yamekuwa meusi. Mafuta ya namna ya kwanza hupandisha LDL na kushusha HDL kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zote mwaka 2018 ziyaondoe sokoni kufikia 2023.

Mayai na kamba je? Vina lehemu, na kamba na ngisi wana nyingi, lakini mafuta yao yaliyoshiba ni machache mno. Kwa watu wengi athari yake kwenye LDL ni ndogo ukilinganisha na kile unachowakaangia. Ami alijinyima mayai bure. Samaki wenye mafuta kama simu na jodari wanamfaa yeye hasa, kwa ajili ya triglisaridi, wakichomwa au kuchemshwa kwa ndimu.

Kupima ukiwa na njaa au umekula

Kwa LDL, HDL na kolesteroli yote, kula kabla ya kipimo hakubadilishi mambo sana. Tangu mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wanakubali kipimo cha kwanza kifanywe bila kufunga. Triglisaridi hupanda kwa wastani wa 0.3 tu baada ya mlo wa kawaida. Hilo ni nafuu kwa anayevuka bahari kutoka Pate au Kiwayu kuja kupimwa, asilazimike kushinda na njaa ndani ya mashua. Lakini triglisaridi zikitoka zaidi ya 4.5, rudia ukiwa umefunga kwa muda wa saa 9 hadi 12: ule kwa mara ya mwisho saa mbili usiku, damu itolewe saa mbili asubuhi, maji matupu yanaruhusiwa. Na usipime wiki ya Idi wala wiki ya Maulidi ukadhani hiyo ndiyo hali yako ya mwaka mzima.

Chakula au vidonge

Watu wengi hulifanya hili kuwa jambo la kuchagua moja. Mimi naona swali la kweli ni: hatari yako ni kubwa kiasi gani, na chakula kimekufikisha wapi?

Baada ya miezi mitatu ya tui jepesi na alizeti, LDL ya Mama ilitoka 4.5 ikawa 3.8. Tulifurahi sana, na haikutosha. Ana miaka 63 na presha. Daktari akampa atorvastatini. Dawa za jamii hii ya statini hupunguza utengenezaji wa lehemu ndani ya ini, ini likaongeza ile milango ya kudaka LDL, na LDL hushuka kwa asilimia 30 hadi 50 kutegemea dawa na kipimo. Na zimepimwa kwa vifo, si kwa karatasi tu. Jaribio la nchi za Skandinavia lililotolewa mwaka 1994, la wagonjwa wa moyo 4,444, lilionyesha kwamba waliopewa simvastatini walipungukiwa na vifo kwa asilimia 30. Kila LDL ikishushwa kwa 1.0, matukio makubwa ya moyo na kiharusi hupungua kwa kiasi cha moja ya tano.

Habasoda na kitunguu thaumu tunavitumia sote, na kuna majaribio madogo yaliyoonyesha vinashusha lehemu kidogo. Endelea navyo kwenye chakula. Ila usivipokee badala ya kidonge kwa mtu mwenye hatari kubwa, kwa kuwa hakuna kati yake kilichoonyeshwa kuzuia kiharusi.

Kati ya simvastatini na atorvastatini, ulizia dawa zako nyingine kwanza. Mama anameza amlodipini ya presha, kama watu wengi sana hapa, na simvastatini ikichanganywa na amlodipini haitakiwi kuzidi miligramu 20 kwa siku, kwa hatari ya kuumiza misuli. Hiyo ndiyo sababu daktari alichagua ya pili. Simvastatini humezwa usiku. Atorvastatini wakati wowote, ilimradi kila siku, na Ramadhani Mama huinywa baada ya futari. Balungi ni la kuepuka, hasa kwa simvastatini, maana huongeza dawa kwenye damu. Antibayotiki za erithromisini na klarithromisini pia zina ugomvi nazo, kwa hiyo mwambie anayekupa dawa kwamba unameza statini. Misuli ikiuma bila sababu au mkojo ukiwa mweusi kama chai, rudi hospitali. Mjamzito au anayetaka kushika mimba azungumze na daktari kabla. Baada ya wiki nane LDL ya Mama ilikuwa 2.3.

Ami alipewa metformini, dawa ya kisukari, akakata sukari kwenye chai kwa ngazi, kijiko kimoja kila wiki. Halua amebakisha kipande kimoja cha Ijumaa. Alasiri hutembea kwa pwani mpaka Shela, kama kilomita 3, hurudi kwa mashua kabla ya magharibi. Mfungo Nne triglisaridi zilikuwa 2.1, HDL 1.0, na mstari wa LDL ukajazwa tena: 3.4. Kwa mwenye sukari hiyo bado ni nyingi, naye akaanza statini. Tazama mpangilio ulivyokuwa: kwake sukari kwanza, kidonge cha lehemu baadaye, kwa Mama mafuta kwanza.

Wasiosubiri miezi mitatu

LDL ikifika 4.9 au zaidi, usijaribu chakula peke yake. Huenda imerithiwa, karibu mtu 1 kati ya 250 hadi 300 huzaliwa na hali hiyo, awe mwembamba awe mnene. Vipande vya manjano kwenye kope, vinundu kwenye mshipa wa kisigino, au ndugu aliyepata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55 kwa mwanamume na 65 kwa mwanamke, ni dalili za kuwapima watoto pia. Sisi huoana watoto wa ami na wa mjomba, hilo halina siri. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuirithi pande zote mbili, na moyo wa mtoto huyo unaweza kuugua angali mdogo. Pimeni kabla.

Triglisaridi zikipita 5.6, hatari inayoongezeka ni ya kongosho kuvimba, na hukua zaidi zikikaribia 11. Maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni pamoja na kutapika ni ya kukimbiliwa hospitali usiku ule ule. Ami alikuwa na 6.1 na mimi nilikuwa sijui neno hili.

Na LDL iliyopanda bila kueleweka, mwombe daktari apime tezi ya shingo na figo. Tezi ikilegea lehemu hupanda, na mtu akitibiwa tezi hushuka yenyewe.

Sinia moja

Kwetu tunakula pamoja, hakuna sahani ya mgonjwa. Nilipojua kila mmoja ana mwiko wake niliogopa nitapika vyungu viwili. Haikuwa hivyo. Mambo yanayowafaa wote wawili yalijaa sinia: samaki wa kuchoma, mbaazi za tui la pili, mchicha uliokaushwa kwa alizeti kijiko kimoja, kachumbari nyingi yenye ndimu. Maharage na mbaazi zina nyuzinyuzi laini zinazoshusha LDL kidogo, na hazipandishi sukari kwa kasi kama wali mtupu. Wali wa tui la pili uko upande wa Mama, na ami hupata kama vijiko vinne vikubwa badala ya kilima. Nimejifunza kuweka mbaazi katikati na wali pembeni, kwa sababu mkono huanzia katikati.

Kinachotengana ni chai tu. Birika la ami halina sukari, la Mama limerudishiwa kijiko kimoja, na yeye ndiye humwambia shemeji yake kila asubuhi kupitia ukuta: "Bwana shemeji, lako ni lile lenye kamba nyekundu."